Karte nne ndani ya kopo



Wiki mbili zilizopita binti yangu alikuwa anatafuta karatasi yake ya kuzaliwa ndani ya kopo la maziwa ya unga ambamo ninaweka vitu vya maana. Hakuiona upesi. Aliona karte zangu za uchaguzi, nne, nimezifunga kwa mpira: ya 2005, ya 2011, ya 2017 na ya 2023. Chini yake kulikuwa zile mbili za marehemu koko wangu, na chini kabisa karte yake ya MPR, imeliwa na mende pembeni. Akazipanga zote juu ya kitanda kama mtu anayepanga samaki sokoni, kisha akaniuliza: «Mama, mara nne umejiandikisha. Imekuletea nini?»

Sikumjibu. Nilikuwa na sombe jikoni, na kusema kweli jibu sikuwa nalo. Swali lile limekaa nami tangu siku ile. Wengine watasema hii ni siasa, na gazeti letu ni la familia. Lakini karte hizi zinalala ndani ya kopo moja na karte za chanjo za watoto wangu. Mimi naona ni habari ya nyumba.

Kwanza niseme sisi ni wa wapi. Sisi ni wa teritwari ya Beni, Nord-Kivu: sekta ya Beni-Mbau, sekta ya Ruwenzori, sheferi ya Bashu na sheferi ya Watalinga, na makao makuu yetu ni Oicha. Mji wa Beni ni eneo lingine la uchaguzi, na Butembo pia ni lingine. Wamama wengi wanachanganya hapo. Wanaona picha ya kandida imebandikwa kule mjini walikoenda kuuza ndizi, wanarudi wakisema «huyu nitamchagua», na siku ya kura wanamtafuta huku kwetu hawamuoni. Anachaguliwa na watu wa mjini. Wetu ni wengine.

Koko wangu hakuchagua mwaka 1960. Uchaguzi ule wa mwezi wa tano, kabla ya Uhuru, ulikuwa wa wanaume. Babu alienda, akarudi, akasema Kivu yote inazungumza CEREA, chama cha Anicet Kashamura. Koko aliniambia alimuuliza babu: «Na sisi?» Babu akamjibu kwamba yeye amechagua kwa niaba ya nyumba. Koko alikuwa analima, anabeba, anauza, anazaa, na kura yake ilikuwa ndani ya mfuko wa shati la mume wake. Haki ya kuchagua ilitufikia sisi wanawake wa Congo mwaka 1967, miaka saba baada ya Uhuru. Mwaka mmoja mbele ya hapo Sophie Kanza alikuwa amekwisha kuwa waziri, kwa hiyo kwa muda mwanamke aliweza kuongoza wizara mbele hajaruhusiwa kutia karatasi ndani ya sanduku.

Mara ya kwanza ya koko ilikuwa 1970. Kandida alikuwa mmoja, Mobutu. Kulikuwa karatasi mbili: ya kijani ya kukubali, na nyekundu ya kukataa. Inchi nzima, hesabu ya serkali ilisema waliokataa ni 157 tu. Koko alikuwa anacheka kila mara akifika hapo. Alisema: «Mimi niliwaza wale 157 wanaishi wapi, niende niwasalimie.» Halafu ikaja 1975, na safari hiyo hata karatasi haikuwako. Majina ya wabunge yalisomwa mbele ya watu, watu wakapiga makofi, na makofi yale yakawa ndiyo kura. Koko alisema alipiga sana makofi siku ile, kwa sababu aliyesimama karibu naye alikuwa anaangalia mikono ya watu. Ni kweli kwamba baadaye, toka 1977, waliruhusu kandida wengi kushindana ndani ya MPR. Lakini yeye alikuwa ameishazoea kwamba uchaguzi ni kitu cha kufanya ili uachwe na amani.

Ninawaeleza hayo kwa sababu nilipokuwa msichana nilimwona koko kama mtu anayeogopa kila kitu, na nilimdharau kidogo. Nilikuwa sijui bado alitoka wapi.

Kisha miaka ilipita bila kura yoyote. Mobutu alitangaza vyama vingi tarehe 24 mwezi wa nne 1990. Tulikuwa masomoni, walimu walicheza. Kura haikuja. Ilikuja vita ya 1996, kisha ile ya 1998, na huku kwetu tukatawaliwa na RCD-K/ML ya Mbusa Nyamwisi, makao yake Beni. Mtu aliyezaliwa mwaka ule wa kutangaza vyama alifika miaka kumi na tano mbele ya kuona sanduku la kura.

Karte ya kwanza, ya 2005, ndiyo ninayoipenda. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na mtoto mgongoni. Tulitoka saa kumi ya usiku, mimi, mama na koko, tukakuta mstari umekwisha kuwa mrefu. Koko alikataa kukaa kwenye kiti walichomletea. Alisema akikaa watamruka. Walipompiga picha alifunga macho, wakarudia mara tatu. Ndani ya picha ile anaonekana kama mtu aliyekasirika, lakini mimi nilikuwako, najua alikuwa anajizuia kucheka.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka ule tulichagua Katiba, na inchi ilikubali kwa zaidi ya kura 84 kwa 100. Ni ile Katiba ambayo kifungu chake cha 14 kinasema juu ya usawa wa wanawake na wanaume katika uongozi. Nakumbuka mwalimu mmoja alitusomea kifungu hicho chini ya mti, na wamama wakapiga vigelegele. Hakuna aliyetusomea sheria ya uchaguzi iliyokuja mwaka uliofuata. Ile ilisema kwamba listi isiyokuwa na wanawake haiwezi kukataliwa kwa sababu hiyo. Katiba ilitufungulia mlango wa mbele, na sheria ile ikauachia kila mwenye chama aufunge akipenda.

Tarehe 30 mwezi wa saba 2006 ilikuwa siku ya Mungu. Makandida wa urais walikuwa 33. Karatasi ya wabunge ilikuwa kubwa kama kitambaa cha meza, picha ndogo ndogo, na koko hakujua kusoma. Alikuwa amefundishwa na kikundi cha kanisa kutafuta alama na sura. Alikaa ndani ya kile kibanda muda mrefu mpaka watu nyuma wakaanza kunung'unika. Alipotoka alinyanyua kidole chenye wino, akakiangalia njia yote hadi nyumbani. Alikataa kuosha vyombo siku ile na kesho yake. Sisi tuliona ni uvivu, tukaosha sisi.

Mwezi wa kumi tulirudi kwa duru ya pili. Nord-Kivu yote ilimpigia Joseph Kabila kwa wingi mkubwa sana. Watu wa leo wanasahau hivyo, ao wanajifanya kusahau. Tulikuwa tumechoka na vita, na yeye alitusemea neno la amani kwa Kiswahili. Sioni haya kusema hivyo.

Ya 2011 nitaipita upesi. Duru ilikuwa moja tu, kwa sababu Katiba ilibadilishwa mwezi wa kwanza mwaka ule. Mvua ilinyesha, jina la mama halikuonekana kwenye listi iliyobandikwa ukutani, akarudi nyumbani. Koko alichagua, na hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kwake. Alikufa kabla ya ubaya kufika. Kwa hilo ninamshukuru Mungu.

Ubaya ulianza mwezi wa kumi 2014. Ninyi mnaujua, sitahesabu wafu hapa. Ninachotaka kusema ni kile ambacho mauaji yalifanya kwa kura, maana hakizungumzwi. Mtu anachagua pale alipojiandikisha. Ukikimbia kijiji chako, ukalala kwa ndugu kilometa arobaini mbali, karte yako imebaki imefungwa na biro ya kule ulikotoka, pale ambapo leo ni majani na nyani. Na jambo la pili ni baya zaidi: viti vya wabunge vinagawanywa kwa hesabu ya watu waliojiandikisha. Hawahesabu watu wanaoishi, wanahesabu waliojiandikisha. Mama anayesema «mimi niko mkimbizi, nitajiandikisha nikirudi kwetu» anapunguza hesabu ya teritwari yake. Aliyetufukuza mashambani anatufukuza pia kwenye hesabu, na hana haja ya kujua kwamba amefanya hivyo.

Kwa hiyo mwaka 2017 nilijiandikisha. Na pia, niseme ukweli wote, nilijiandikisha kwa sababu karte ya uchaguzi ndiyo kitambulisho chetu. Bila hiyo unalipa kwenye kila barriere, na pesa iliyotumwa kwa simu huitoi. Wamama wengi ninaowajua waliamkia mstari kwa sababu hiyo, kura ilikuja nyuma.

Sasa nifike 2018. Ebola ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane, huku kwetu Mangina, eneo la afya la Mabalako. Miezi mitano tuliishi kwa kunawa mikono kwa maji ya klorini, kupimwa joto barabarani, kuzika watu wetu bila kuwagusa. Pamoja na hayo kampeni ilifanyika. Makandida walikuja, wakanawa mikono, wakapanda juu ya gari, wakasema. Kisha tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili, siku nne tu mbele ya kura, CENI ikatangaza kwamba teritwari ya Beni, mji wa Beni, mji wa Butembo, na Yumbi kule Mai-Ndombe hawatachagua pamoja na inchi. Yumbi ilikuwa imetoka kwenye mauaji yake. Sisi tuliambiwa ni Ebola na usalama. Kura yetu ikawekwa mwezi wa tatu. Rais alikuwa wa kuapishwa mwezi wa kwanza.

Sisi si wajinga, tulihesabu. Wachaguzi zaidi ya milioni moja waliwekwa kando. Masoko yalikuwa wazi. Makanisa yalikuwa wazi, na Noeli tulikuwa tumeimba bega kwa bega. Nilimsikia mzee mmoja akisema kwamba ugonjwa huu una akili, unashika mtu akiwa kwenye mstari wa kura tu. Hasira ilitoka. Mjini Beni vijana waliandamana, na kituo kimoja cha Ebola kikavamiwa, kitu ambacho kilitudhuru sisi wenyewe, maana wagonjwa walikimbia humo. Mimi nilikuwa Beni kwa dada yangu tangu Noeli, na siku ile tulifunga mlango tukalala chini.

Lakini siku ya Mungu, tarehe 30, watu wa Beni walichagua. Hakuna aliyewaruhusu. Walipanga mistari wenyewe, wakaweka ndoo za maji mlangoni, wakakata karatasi, wakatafuta masanduku. Dada yangu alitoa ndoo yake ya bomba, ile ya kunawia, akaniambia niibebe. Nilisimama pale toka asubuhi nikimwaga maji kwenye mikono ya watu. Hakuna aliyepita bila kunawa, hata mmoja. Vijana walewale ambao siku tatu nyuma walikuwa wanarusha mawe, walinyoosha mikono kama watoto wa shule. Nami nilipofika zamu yangu nilitia karatasi yangu. Nilijua vizuri kabisa kwamba haitahesabiwa Kinshasa. Nilitetemeka kuliko 2006.

Tarehe 24 mwezi wa kwanza 2019 rais aliapishwa. Sisi tulichagua tarehe 31 mwezi wa tatu, wabunge wa taifa na wa jimbo, juu ya ile mashini. Mama yangu hakuwa amewahi kugusa simu ya kioo. Alisimama mbele ya mashini kama mbele ya ng'ombe asiyemjua. Kaka yangu ndiye aliyeingia naye kumsaidia, na hapo ninawaomba wamama mshike neno hili: asiyejua kusoma ana haki ya kusaidiwa na mtu aliyemchagua yeye mwenyewe. Wakala wa biro si mtu wa kukushika kidole. Mwambie kwa heshima kwamba umekuja na mtoto wako. Karatasi ile ikitoka ndani ya mashini, iangalie mbele ya kuitia ndani ya sanduku. Mama aliiangalia kwa muda, akauliza kaka: «Huyu ndiye niliyemsema?» Ndiye.

Wakati huo Ebola ilikuwa bado inaua. Iliendelea mpaka mwezi wa sita 2020, na ilichukua watu zaidi ya 2200. Kura ilifanyika katikati yake, na mwisho wa dunia haukuja.

Sasa ninafika kwenye karte ya nne, na hapa ndipo ilikuwa vigumu kuandika. Nimeanza ukurasa huu mara tatu.

Sheria ya uchaguzi ilibadilishwa mwezi wa sita 2022. Moja ya mambo mapya: listi ambayo nusu yake ni wanawake hailipi ile garanti ya pesa inayotolewa mbele ya kukubaliwa. Ni kitu kizuri, na wanawake waliokipigania walikuwa na nia safi. Mwaka 2023, baada ya kujiandikisha, watu wa chama kimoja walikuja nyumbani kwangu. Sitakitaja. Walikunywa chai yangu. Waliniambia wamesikia ninavyoongoza kikundi, ninavyosema mbele ya watu bila woga, kwamba jimbo linahitaji wamama kama mimi, na wanataka kuniweka kwenye listi ya wabunge wa jimbo. Hawakusema neno lolote juu ya garanti. Mimi nilimfikiria koko na kidole chake chenye wino. Nilikubali kabla chai haijapoa.

Waliahidi mafuta ya pikipiki, picha na shati. Nilingoja. Ikaja picha moja kubwa yenye sura ya bwana aliyekuwa namba moja, na chini yake majina yetu wengine kwa herufi za mchwa. Nikaona aibu kurudi nyuma, kwa maana watu walikuwa wameishajua. Na hapo nilifanya kitu ambacho sijakisema bado kwenye mkutano wetu wowote: niliomba likelemba ya kikundi inikopeshe, na wamama wakakubali, miezi mitatu. Nilichapisha picha zangu mwenyewe, nikalipa pikipiki. Nilienda mpaka pale njia zinaporuhusu. Watalinga sikuthubutu kufika. Nilisema juu ya daraja, juu ya wamama wanaobakwa wakienda kuvuna kakao, juu ya bei ya kakao yenyewe. Watu walinisikiliza. Nilijisikia mkubwa, msinicheke.

Tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023 tulichagua. Masisi na Rutshuru, ndugu zetu wa jimbo moja, hawakuchagua safari hii kwa sababu ya vita, na Kwamouth vilevile. Nilipofikiria wale wamama kwenye kambi za Goma nilikumbuka ndoo ya dada yangu.

Na kura zangu? Nilizipata, si nyingi, lakini ningeweza kuwataja walionipa mmoja mmoja. Kisha mtoto wa mama mkubwa, aliyesoma sheria, alinikalisha akanieleza kile ambacho ningepaswa kuuliza siku ile ya chai. Kwetu hapa, kwenye eneo la viti vingi, unamchagua mtu mmoja, lakini kura yake inaingia kwanza kwenye kapu la listi. Wanajumlisha kapu. Kapu likitosha kupata kiti, kiti kinachukuliwa na yule ndani ya listi aliye na kura nyingi kuliko wenzake. Zangu zote, za mama, za kikundi, za wale waliotembea na watoto mgongoni, zilikuwa zinamsukuma bwana wa picha kubwa. Na listi isiyofikia kiwango kinachotakiwa na sheria haigawiwi kitu. Yetu haikufikia. Kwa hiyo hata yeye hakupita.

Hakuna aliyeniibia. Hiyo ndiyo sheria, na ilikuwa imeandikwa. Lakini mimi sikuwa kandida wao. Nilikuwa pesa ambayo hawakulipa. Wanawake tuliokuwa kwenye listi ile, kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyetafutwa kwa ajili ya akili yake.

Deni la miezi mitatu nililimaliza kwa miezi tisa, kwa kakao. Katikati ya miezi ile kulikuwa mama mmoja wetu ambaye zamu yake ya likelemba ilifika na pesa haikuwako. Mtoto wake wa sekondari alifukuzwa shuleni kwa minerval, akakaa nyumbani karibu trimestre nzima. Mama yule hakuniambia neno. Alinisalimia kila siku, akaninunulia mafuta yangu ya mawese bila kupunguza bei. Nilijua sababu ya mtoto kukaa nyumbani kutoka kwa mtu mwingine, na mimi pia sikumwambia neno. Mama, ukisoma hii, unajijua. Nitakuja kwako kabla ya siku ya posho, nisiwe nimekusemea kwenye gazeti tu.

Binti yangu nimemweleza haya yote, jioni mbili, tukimenya mihogo. Nilitegemea aseme kwamba basi yeye hatajiandikisha. Hakusema hivyo. Aliuliza kama bwana wa listi alirudi kunishukuru. Nikamwambia hapana. Kisha akachukua karte yangu ya 2023, ambayo maandishi yake yamekwisha kufifia mpaka uso wangu unaonekana kama moshi, akaiweka karibu na ile ya koko ya 2005. Ile ya koko bado inasomeka vizuri. Amekasirika palepale kwenye picha.

Mwezi uliopita mtu wa chama kingine alinifuata sokoni. Anapanga mapema, uchaguzi bado uko mbali, lakini amesikia nilikuwa kandida. Safari hii sikumpa chai. Nilimuuliza mbele ya wamama watatu wanaouza karibu nami: nitakuwa namba ya ngapi? Nani analipa picha? Mtaweka temwe kwenye kila biro, na nitapewa nakala ya karatasi ya matokeo wanayosaini? Kwenye listi yenu wanawake wengine ni akina nani, nikaongee nao kwanza? Na je, mtayaandika haya kwenye karatasi, msaini?

Alisema ataenda kuuliza wakubwa wake. Wamama wale watatu wananiuliza kila siku ya soko kama amerudi. Hajarudi bado.